Mashauriano Kabla ya Azma

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Buyenzi, Bujumbura)





Kamati imeniomba niseme maneno machache juu ya namna inavyompasa Mwislamu kukata shauri katika mambo yake ya kila siku. Mambo makubwa ya ulimwengu sitayagusa. Wako wanaoyajua kuliko mimi. Nataka kusema juu ya yale yanayotufikia mlangoni: kuuza kiwanja, kumwoza binti, kukopa, kumdhamini mtu, kumtoa mtoto shuleni ili akafanye kazi gereji. Hayo ndiyo yanayoijenga nyumba au kuibomoa, na mengi katika hayo tunayakata tukiwa barazani, hata chai haijapoa.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe, maana si adabu mtu kusimama mbele ya watu akahesabu makosa yao na yake akayaficha.

Mnaikumbuka Jumapili ya tarehe 27 Januari 2013, siku soko kuu la mji wetu lilipoungua. Wengi walioamka na duka walilala bila duka. Katika majuma yaliyofuata alinijia rafiki yangu mmoja, muuza vitambaa, baada ya swala ya Alasiri. Alitaka kukopa ili aanze tena, na mkopeshaji alidai mdhamini. Nilimhurumia. Na zaidi ya huruma, jambo hili nalisema kwa haya, nilipenda kuonekana kuwa mimi ni mtu ambaye sahihi yake ina thamani. Karatasi ilikuwa ya Kifaransa, lugha ambayo mimi niliionja tu katika shule ya msingi, wala sikumwomba mtu anisomee. Nikatia sahihi palepale, na kabla ya Magharibi mambo yalikuwa yamekwisha.

Ndugu yule hakuwa mwizi. Biashara ilimkataa, akauhama mji, na deni likabaki na jina langu. Nililipa kwa muda wa miaka minne. Cherehani ya mke wangu iliuzwa, na kijana wetu mkubwa alikaa mwaka mzima bila kusoma. Jioni moja mke wangu aliniambia, bila hasira, na kule kukosa hasira ndiko kulikonichoma: "Ungeniuliza, ningekwambia kwamba anadaiwa kwingine kuwili, na akina mama wa upatu wetu wanajua. Tungempa kilichokuwamo mkononi, tena tusimdai. Sahihi tungemnyima."

Angalieni, ndugu zangu. Habari niliyoihitaji ilikuwamo ndani ya nyumba yangu, upande wa pili wa pazia. Kumsaidia yule bwana hakukuwa kosa, wala leo sijuti kumhurumia. Kosa lilikuwa kwamba yule ajuaye hakuulizwa, na yule atakayelipa pamoja nami hakuulizwa, nao wote wawili walikuwa mtu mmoja.

Katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 233, Mwenyezi Mungu anataja kumwachisha mtoto ziwa, na akayaweka mbele yake maridhiano na mashauriano ya baba na mama. Ikiwa ziwa la mtoto lataka mashauriano, itakuwaje deni la miaka minne? Na aya ya 282 ya sura hiyohiyo, ambayo ni ndefu kuliko aya zote za Qurani, yahusu kuandika madeni. Nayo haikumsahau hata mtu asiyeweza kuandikisha mwenyewe, bali imeamuru msimamizi wake amwandikishie kwa uadilifu. Mimi niliisoma aya hiyo chuoni tangu utotoni, na huifundisha. Lakini siku ile mkono ulikwenda mbele ya elimu.

Wako wanaume hapa ambao wataona ni udhaifu kumwuliza mke. Hao na waitazame siku ya Hudaibiya, mwaka wa 6 wa Hijra (628). Mtume (S.A.W.) aliwaamuru sahaba wachinje na wanyoe, akarudia mara tatu, na kwa huzuni waliyokuwa nayo juu ya mkataba ule hakuinuka hata mmoja. Aliingia hemani kwa Bibi Ummu Salama (R.A.), akamweleza. Bibi yule akamshauri atoke, asiseme na mtu, achinje mnyama wake na amwite kinyozi wake. Akatoka, akafanya vilevile, na watu wakainuka wote.

Wengine husema: "Sisi tulishauriana, na hasara ikatupata vilevile." Neno hili ni zito, na jawabu lake liko Uhud. Mwaka wa 3 wa Hijra (625) Mtume (S.A.W.) alielekea kukaa ndani ya Madina na kupigana humo. Wengi, hasa vijana waliokosa vita vya Badri, walitaka kutoka. Aliwasikiliza, akavaa deraya yake. Walipojuta na kutaka kurejea rai yake ya kwanza hakukubali, kwa kuwa azma ilikwisha kufungwa. Wakatoka, na mliyoyasoma ya Uhud mnayajua: sahaba sabini walikufa mashahidi, na yeye mwenyewe akajeruhiwa. Mtu wa leo angalisema: basi, sitashauriana na watu hawa tena. Lakini baada ya msiba huohuo iliteremshwa aya ya 159 ya Sura ya Al-Imran, ikimwamuru awasamehe na ashauriane nao, na akiisha kuazimia amtegemee Mwenyezi Mungu. Kwa hiyo shauri halipimwi kwa matokeo yake peke yake. Mtu aweza kufuata njia ya haki akapata hasara, na aweza kuruka kama nilivyoruka mimi akapata faida. Huyu wa pili ndiye ninayemhofia zaidi, kwa sababu ataruka tena.

Sasa niseme juu ya Istikhara, ambayo tumeigeuza sana. Sayyidna Jabir bin Abdillah (R.A.) amesimulia kwamba Mtume (S.A.W.) akiwafundisha katika mambo yote, kama awafundishavyo sura ya Qurani. Ni rakaa mbili zisizo za faradhi, kisha dua. Ndoto haikutajwa. Hata hivyo watu hunijia wakasema, "Sheikh, niswalie, uniangalizie usiku," kana kwamba mimi ni mtazamia. Dua ile husema mwenye haja mwenyewe, amtake Mola wake kheri katika jambo alilokwisha kulifikiri na kuliuliza. Kisha huliendea, likiwa jepesi ashukuru, likifungwa aridhike. Wala haiswaliwi juu ya wajibu au haramu: aliyekopa haswali Istikhara kama alipe au asilipe.

Juma lililopita alinijia kijana mmoja, akitaka kuuza kiwanja walichoachiwa na marehemu baba yao, ili apate nauli ya kwenda Oman kutafuta kazi. Mnunuzi alikuwa amempa siku tatu tu. Akaniomba Istikhara. Nilimwuliza ni nani aliyemwandikia juu ya kazi hiyo, na mkataba ameusoma nani. Akasema ni simu tu. Nikamwuliza, "Dada zako, ambao wana fungu lao katika kiwanja hicho, wanasemaje? Na mama yako je?" Akainamisha kichwa. Nikamwambia aende akawakusanye, nami nitafika kama wakinitaka, na baada ya hapo nitamfundisha ile dua aiswali mwenyewe.

Siku tatu za mnunuzi zimekwisha juzi. Kiwanja hakijauzwa, na mama yake amenitumia salamu kwamba Ijumaa, baada ya swala, wataketi.