Paa la Garissa Livunwe Maji



Siku hizi hakuna mkutano wa mipango miji usiooneshwa picha ya bustani juu ya ghorofa. Brooklyn Grange ilianza kulima juu ya majengo ya New York mwaka 2010, na mboga zake zinauzwa. Sina ugomvi nayo. Ila New York hupata zaidi ya milimita 1,100 za mvua kwa mwaka. Garissa kama 300, na ukame ukishika hata hizo hatuzioni.

Tuanze na uzito. Udongo uliolowa, wa kina cha sentimita 10 tu, huweka zaidi ya kilo 150 juu ya kila mita ya mraba, na sukuma wiki inataka kina zaidi ya hicho. Nyumba zetu nyingi ni za mabati. Yenye paa la zege, jua la Machi na upepo wa huku hukausha bustani kabla ya adhuhuri, na maji ya kuinyweshea ni ya kupandishwa ngazi kwa mtungi. Nani ataupandisha? Mnamjua.

Kwa hiyo mimi nasema paa livunwe maji, chakula kiote chini. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Bati la mita 50 za mraba, kwa milimita 300, hupokea lita 15,000 kwa mwaka. Toa yanayomwagika na kukauka, bado ni tangi kadhaa. Mvua za Gu na Deyr, yaani masika na vuli, zinapita juu ya vichwa vyetu na kuishia barabarani kwa kukosa mfereji wa bati.

Kuhusu chakula, hatuna haja ya kwenda mbali. Kambini Dadaab wakimbizi wamelima kwenye magunia. Kopo kubwa lililo wazi juu na chini husimamishwa katikati ya gunia, hujazwa kokoto, na pembeni hutiwa udongo na samadi ya mbuzi. Kopo huvutwa juu kidogo, hujazwa tena, hadi gunia lijae; katikati panabaki nguzo ya kokoto inayoshusha maji mpaka chini. Miche hupandwa juu na kwenye matundu ya ubavuni. Gunia moja halichukui nafasi kubwa kuliko kiti.

Maji yake? Ya kuoshea mchele, na ya udhu, ambayo kwa madhehebu ya Shafi ni tohara ingawa hayatawadhiwi tena. Hayana sabuni, mboga itake nini zaidi? Kivuli na ua tutapata kwa matawi ya mathenge, mti ambao umetukera vya kutosha na sasa ufanye kazi. Ua uwe imara, maana mbuzi wa mjini hawaheshimu utafiti wa mtu.

Ombi langu kwa kaunti ni moja: ramani ya jengo lolote jipya, liwe duka, shule au msikiti, isipigwe muhuri kama haina mfereji na tangi.