Hati Katika Chombo cha Udongo



Wapendwa wasikilizaji, katika Injili ya leo tumemsikia mtu mmoja kutoka umatini akimwomba Bwana amwamuru ndugu yake agawane naye urithi. Bwana akakataa kufanywa mwamuzi wao, kisha akatoa mfano wa tajiri na maghala yake. Wahubiri wengi hupita upesi hapo mwanzo ili wafike kwenye maghala. Leo tusimame kidogo na yule mtu. Bwana alikataa kumgawia. Hakusema kwamba madai yake ni ya uongo, wala kwamba ndugu yake alifanya vema kushikilia mali yote. Kazi ya kugawa kwa haki aliwaachia wenyewe, nao bado wanayo.

Kwetu hapa Nshamba, na Muleba nzima, neno urithi humaanisha kibanja: migomba, mibuni na makaburi ya wazee. Mipaka yake inajulikana. Akija mtu kuisogeza, jirani ataona. Lakini upo urithi mwingine usio na mpaka wala jirani wa kuulinda, nao ni hisa. Mwenye hisa ni mwenye sehemu katika kampuni au chama, na faida ikigawanywa hupata gawio lake. Ushahidi wa mali hiyo ni karatasi moja, nayo mara nyingi imelala sandukuni, kati ya cheti cha ubatizo na stakabadhi za kahawa za miaka iliyopita. Aliyeinunua amekufa, na waliobaki hawajui kama ni mali au ni takataka.

Nabii Yeremia aliijua karatasi ya namna hiyo. Yerusalemu ulipokuwa umezingirwa na jeshi la Babeli, alinunua shamba la Anathothi kutoka kwa binamu yake kwa shekeli kumi na saba za fedha, akaweka mashahidi, kisha akamwagiza Baruku atie hati zile katika chombo cha udongo ili zidumu siku nyingi. Tuangalie jambo hili: Yeremia mwenyewe hakuishi kulilima shamba lile kwa amani, maana baadaye alichukuliwa hadi Misri. Hati ile ilitunzwa kwa ajili ya watu ambao bado hawajazaliwa.

Basi, wazee wetu walinunua hisa zipi? Za kale zaidi ni za ushirika. Chama Kikuu cha Ushirika cha Bukoba, kilichojulikana kwa herufi BNCU, kiliandikishwa mwaka 1950, na mkulima alijiunga nacho kupitia chama chake cha msingi kwa kulipa kiingilio na kununua hisa. Mwaka 1976 serikali ilivifuta vyama vikuu vya ushirika nchini, na kazi ya kahawa ikapelekwa kwenye mamlaka ya zao hilo. Ushirika uliporudishwa katika miaka ya 1980 kwa jina la KCU, ulikuwa chombo kipya. Kwa hiyo, mwenye kadi ya zamani asiahidiwe mengi. Aende kwanza kwenye chama chake cha msingi, aombe daftari la wanachama litazamwe. Ajue pia kwamba KCU ina hisa katika kiwanda cha kahawa cha TANICA pale Bukoba, lakini hisa hizo ni za chama. Hakuna mkulima atakayekuta jina lake kwenye hati za TANICA kwa sababu tu babu yake aliuza buni.

Aina ya pili ni za baadaye, nazo ndizo zenye uhai zaidi. Benki ya CRDB ilibinafsishwa mwaka 1996, na wananchi wa kawaida wakawa miongoni mwa wanahisa wake. Soko la Hisa la Dar es Salaam likafunguliwa tarehe 15 Aprili 1998, kampuni ya kwanza kuorodheshwa ikiwa Tanzania Oxygen Limited. Kampuni ya Bia ikafuata mwaka huo huo. Hisa za NMB ziliuzwa kwa umma mwaka 2008, na za Vodacom mwaka 2017. Walimu, wauguzi na wafanyabiashara wa kahawa walinunua kidogo kidogo, wengine bila kumwambia mtu nyumbani. Jina la kampuni linaweza kubadilika na mali ikabaki: ile Tanzania Oxygen leo inaitwa TOL Gases. Asiyelijua hilo ataitupa karatasi akidhani kampuni imekufa.

Tunasema haya kwa uchungu fulani, kwa sababu mkoa huu una historia yake. Tangu wagonjwa wa kwanza wa ukimwi walipotambuliwa Kagera mwaka 1983, baba na mama wengi walizikwa wakiwa vijana, watoto wakabaki na bibi. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, ikaondoka na mamia ya watu waliokuwa na shughuli zao mikononi. Watoto waliokuwa wadogo siku zile sasa ni watu wazima, na ndio wanaofungua masanduku. Mara nyingi wanakuta kwamba aliyefungua kabla yao ni baba mdogo au shangazi, na kwamba karatasi ilikwenda mjini ikakaa huko.

Hapo ndipo choyo alichokionya Bwana kinapoingia. Mtu hunyamaza tu. Wala hahitaji kusema uongo. Anajua kwamba bibi hasomi, kwamba mjane amerudi kwao, kwamba yatima yuko shuleni Mwanza. Karatasi haina kelele kama kibanja.

Wengine hujitetea kwa mila. Husema mrithi mkuu, yule musika, ndiye anayeshika vitu vya marehemu, na mabinti hawana neno. Mila ya kulinda ardhi ya ukoo isiende kwa wageni ilikuwa na sababu yake, kwa kuwa wazee wamelala humo. Lakini hata juu ya ardhi Mahakama Kuu kule Mwanza iliamua mwaka 1990, katika shauri lililoanzia Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, hapa hapa Muleba, kwamba binti aliyerithi shamba la ukoo anayo haki ya kuliuza kama mwanamume. Na hisa je? Ndani ya hisa hakuna kaburi la mtu. Hazipakani na mgomba wa yeyote. Zinahesabika moja moja, hivyo hazina hata ile shida ya kibanja kukatwa vipande hadi kisitoshe. Anayewanyima mabinti hisa kwa jina la mila anaipa mila mzigo usiokuwa wake. Mabinti watano wa Selofehadi walisimama mbele ya Musa wakidai sehemu ya baba yao, na Mungu mwenyewe akasema kwamba wamenena haki.

Kuhusu njia ya kufuata, ukoo ukae, mjane na mabinti wakiwemo, uandike muhtasari na kumpendekeza msimamizi wa mirathi. Mahakama imthibitishe; kwa familia nyingi za vijijini safari hiyo huanzia Mahakama ya Mwanzo. Hisa zitajwe katika orodha ya mali, hata kama thamani yake haijulikani. Kisha kampuni, au ofisi inayotunza daftari lake la wanahisa, iandikiwe barua yenye jina la marehemu, namba ya hati, nakala ya cheti cha kifo na ya uteuzi wa msimamizi. Barua itangulie nauli. Huenda magawio yote yaliyolala yasitoshe tiketi ya basi hadi Dar es Salaam, na si vema bibi auze mbuzi kwa ajili ya kubahatisha. Hati yenyewe asipewe mtu wa mjini anayedai fedha ya kufuatilia. Apewe nakala, kama ni lazima. Hati ikiwa imepotea, jina huenda bado limo daftarini.

Neno la mwisho ni kwa makatekista. Kikwazo kikubwa katika kazi hii ni majina. Marehemu alibatizwa kwa jina moja, akaitwa jingine nyumbani, na karani akaandika Lwegasira mahali pa Rwegasira. Kampuni itauliza kama huyu ndiye yule. Vitabu vya ubatizo na vya ndoa vya parokia husaidia kujibu, pamoja na hati ya kiapo ya ndugu anayewajua wote wawili kuwa ni mtu mmoja. Mkiombwa kutafuta, someni kitabu pamoja na katibu wa parokia, na jina linakiliwe kama lilivyoandikwa siku ile, pamoja na kosa lake.