Neno Lisifunikwe na Sauti: Albamu ya Puji-Pujian na Funzo Lake kwa Kasida ya Kiswahili



Mwaka 1996, nchini Malaysia, kundi la waimbaji watano liitwalo Raihan lilitoa albamu yake ya kwanza kupitia kampuni ya Warner Music. Albamu hiyo iliitwa Puji-Pujian. Nyimbo zake zilikuwa za kumsifu Mwenyezi Mungu na Mtume wake, na za kuwausia vijana. Nakala zake ziliuzwa kwa mamia ya maelfu, na ikaingia katika orodha ya albamu zilizouzwa sana katika historia ya nchi hiyo.

Huenda ikaulizwa: jambo hili linamhusu nini mwanafunzi wa Kiswahili? Jibu limo katika jina la kundi lenyewe. Raihan ni neno la Kiarabu lenye maana ya mmea unukiao vizuri, na ndilo lililoipa lugha ya Kiswahili neno mrihani. Wamalei na Waswahili ni watu wa bahari moja. Wote walifuata madhehebu ya Shafii, wote waliandika lugha zao kwa hati za Kiarabu, na wote walipokea masharifu na wanazuoni kutoka Hadhramaut. Maulidi ya Barzanji, yaliyotungwa Madina katika karne ya 18, husomwa huko kama yasomwavyo Lamu, Unguja na Tanga. Wamalei hupiga kompang pale ambapo Waswahili hupiga dufu. Kwa hiyo, swali lililoibuliwa na albamu ile ni swali la pwani ya Afrika Mashariki pia: je, ibada ya kale ikivishwa sauti mpya, ni kitu gani kisichopaswa kuguswa?

Cha kale na kipya

Nyimbo za aina hii huitwa nasyid kwa Kimalei, neno litokalo katika Kiarabu nashid. Kabla ya Raihan, zilisikika zaidi katika madrasa, katika sherehe za dini na katika jumuiya za kidini. Baadhi ya waimbaji wa Raihan walipata malezi yao ya uimbaji katika kundi la Nada Murni, lililokuwa chini ya jumuiya ya Al-Arqam. Jumuiya hiyo ilipigwa marufuku mwaka 1994. Miaka miwili baadaye, sanaa iliyokuwa ya jumuiya ikawa sanaa ya soko.

Cha kale katika Puji-Pujian ni dhikiri, kiitikio cha pamoja na ngoma za mkono. Kipya ni sauti zilizopangwa kwa tabaka, moja juu ya nyingine, pamoja na ufundi wa studio. Hata hivyo, vyombo vya nyuzi na vya kupuliza, ambavyo wanazuoni wengi wana shaka navyo, havikupewa nafasi. Waimbaji walitegemea koo zao na vyombo vya kupigwa. Uamuzi huo ulikuwa wa kifikihi, lakini matokeo yake yalikuwa ya kilugha. Palipokosekana gitaa na kinanda, neno ndilo lililobaki kuubeba wimbo. Msikilizaji alilazimika kusikia kinachosemwa.

Mchanganyiko uliotangulia muziki

Watu wakisema kwamba albamu ilichanganya kale na sasa, hudhani kwamba mchanganyiko huo ulianzia studio. Mwanaisimu ataona kwamba ulianzia katika lugha, karne nyingi kabla yake.

Chukua jina la albamu. Shina lake ni puji, yaani kusifu, na asili yake ni Kisanskriti, lugha ya ibada za Kihindu. Kwa uradidi na kiambishi tamati -an, Kimalei kimepata nomino yenye maana ya sifa nyingi, za kila namna. Mfasiri wa Kiswahili hawezi kuiga muundo huo. Uradidi katika Kiswahili mara nyingi hupunguza uzito wa tendo, kama katika kusemasema na kulialia. Itambidi atafute njia nyingine, kama vile “sifa zote njema”.

Mfano wa pili ni wimbo uitwao Iman Mutiara, unaofundisha kwamba imani si mali ya kurithiwa kutoka kwa baba mcha Mungu. Neno iman ni la Kiarabu. Mutiara, yaani lulu, limetokana na Kisanskriti. Vivyo hivyo, Mwislamu wa Kimalei huita pepo surga, dhambi dosa na saumu puasa, yote yakiwa maneno yenye asili ya Kisanskriti, na hakuna anayemwona kwa ajili hiyo kuwa amepungukiwa na imani.

Kiswahili nacho kimefanya hivyo kwa njia yake. Neno Mungu ni la Kibantu. Dhambi ni la Kiarabu. Pepo ni la Kibantu. Katika Mwenyezi, mwenye ya Kibantu imeungana na enzi ya Kiarabu, na leo hakuna aonaye mshono. Hata neno moja la Kiarabu, shi'r, limezaa syair kwa Wamalei na shairi kwa Waswahili. Syair ya Kimalei ina mishororo minne yenye kina kimoja. Utenzi wa Kiswahili nao una mishororo minne, lakini ule wa mwisho hutoka na kina chake, kinachounganisha beti zote. Mbegu ilikuwa moja, na kila udongo ukaotesha mti wake.

Funzo kwa kasida

Wanazuoni wa pwani walilitambua jambo hili mapema. Sayyid Aidarusi aliitia Hamziya ya al-Busiri katika Kiswahili, na Sayyid Mansab akafasiri Maulidi ya Barzanji. Hawakudharau Kiarabu. Walitaka sifa za Mtume ziingie katika masikio ya mama jikoni na ya baharia jahazini. Sauti pia ilizua mabishano. Habib Saleh alipoimarisha Maulidi ya al-Habshi huko Lamu, walikuwapo waliochukizwa na kupigwa matari msikitini. Leo maulidi hayo ni fahari ya mji mzima.

Kwa hiyo, si sahihi kupinga kila sauti mpya. Kinachostahili kuchunguzwa ni hali ya neno. Kiarabu hupima ushairi wake kwa urefu na ufupi wa silabi. Kiswahili huhesabu mizani, na mkazo wake hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho. Mtunzi wa kasida anapolitia neno la Kiswahili katika tuni ya Kiarabu, lazima akubaliane na sheria mbili kwa wakati mmoja. Akishindwa, mkazo huhama, silabi hurefushwa mahali pasipofaa, na msikilizaji hubaki na tuni bila maana. Kinanda kikipazwa juu ya neno lililokwisha kupotoshwa, kosa husitirika, na kasida hugeuka pambo la harusi. Ubeti wa mawaidha hufupishwa, na kiitikio cha Kiarabu, ambacho wengi hukiimba bila kukielewa, hurudiwa hadi mwisho. Hapo kazi ya Aidarusi na Mansab huwa imetenguliwa, tena bila mtu kukusudia.

Hitimisho

Puji-Pujian haikufanikiwa kwa sababu ya upya peke yake. Iliacha neno lisikike, katika lugha ambayo kijana wa Kuala Lumpur aliiota usiku. Kipimo hicho kinafaa kutumiwa pwani hii. Kasida nyingi za Kiswahili zimo katika madaftari ya walimu wa madrasa na katika kanda zinazoharibika kwa joto na unyevu. Mwanafunzi atakayeketi na mwalimu mmoja, akanakili maandishi yake, akapima mizani yake, kisha akalinganisha na jinsi kasida hiyo hiyo inavyoimbwa sasa kwa vyombo vya umeme, atakuwa na ushahidi mkononi. Ushahidi huo utaonyesha ni wapi sauti mpya imelibeba neno, na ni wapi imelifunika.