Darasani wafundishwa kura, wilayani wazungushwa

Ndugu wasomaji, haya ni mazungumzo niliyoyatoa kwa vijana wenzangu waliotaka kujua Wamarekani wanasomaje siasa za kwao vyuoni. Elimu yangu ni ya sekondari tu, kwa hiyo msitegemee lugha ya kiprofesa.

Lipo jimbo linaitwa Texas. Sheria ya huko inasema mwanafunzi wa chuo cha serikali hapewi shahada mpaka asome kozi mbili za serikali na siasa, ikiwemo Katiba ya Marekani na Katiba ya jimbo lenyewe. Awe anasomea uuguzi, uhandisi au muziki, hana pa kukwepea.

Humo anafundishwa kuwa Bunge lina Wawakilishi 435 na Maseneta 100, na kwamba kila jimbo, liwe na umati kama California au watu wachache kama Wyoming, lina Maseneta wawili tu. Anafundishwa kuwa Rais huchaguliwa na wajumbe 538, na anayefikisha 270 ndiye mshindi. Ndiyo maana mwaka 2016 Hillary Clinton alimzidi Donald Trump kwa karibu kura milioni tatu za wananchi, na bado Ikulu akaingia Trump. Tena anafundishwa Mabadiliko ya 26 ya Katiba, ya mwaka 1971: raia aliyetimiza miaka 18 asinyimwe kura kwa sababu ya umri.

Maneno matamu hayo. Sasa tuwafuate wanafunzi nje ya darasa.

Chuo Kikuu cha Prairie View A&M kilianzishwa mwaka 1876 kwa ajili ya watu weusi. Kipo wilaya ya Waller, kaskazini magharibi ya mji wa Houston. Katika miaka ya 1970 mwandikishaji wa wapiga kura pale alikuwa mtoza kodi wa wilaya, LeRoy Symm. Aliyemfahamu alimwandikisha bila maneno. Mwanafunzi alipewa fomu ya maswali: Una mali hapa? Umeahidiwa kazi hapa? Ukimaliza masomo utabaki? Hebu niambie, ndugu msomaji, kijana wa miaka 19 anayelala bwenini ana mali gani? Hata mimi nikiulizwa leo, pale nilipopanga nitaonyesha kitanda na redio basi.

Serikali ya Marekani yenyewe ilimburuta mahakamani mtoza kodi huyo. Mwaka 1979 Mahakama ya Juu ikathibitisha hukumu iliyomshinda: mwanafunzi asiwekewe masharti ya ukaazi ambayo wengine hawawekewi.

Mtadhani yaliishia hapo. Thubutu! Karibu miaka 25 baada ya hukumu hiyo, mwendesha mashitaka wa wilaya ile ile alitishia kuwashitaki wanafunzi watakaopiga kura pale, eti si wakazi. Ikabidi wanafunzi wamfungulie kesi ndipo arudi nyuma. Mwaka 2008 wilaya ikapanga kituo kimoja tu cha kupiga kura mapema, mjini Hempstead, mbali na chuo. Siku ya kwanza ya kura hizo wanafunzi walitoka chuoni kwa mamia, wakatembea barabarani zaidi ya kilometa 11 mpaka kituoni. Kozi ya siasa ninayoiheshimu mimi ni hiyo ya kilometa 11. Ile nyingine, kama haimfikishi kijana kwenye sanduku la kura, ni ngonjera.

Na msidhani wakubwa wa jimbo wamelala. Mwaka 2011 Texas ilitunga sheria ya vitambulisho vya kupigia kura. Leseni ya kubeba bastola imo katika orodha. Kitambulisho cha mwanafunzi, hata cha chuo hicho cha serikali kinachomlazimisha kusoma Katiba mbili, hakimo.