Kununua Boti Iliyotumika: Familia Ikague Nini Kabla ya Kulipa

Matini ya mazungumzo kwa wakazi wa pwani ya Kaunti ya Kilifi



Kilifi imejaliwa maji mazuri ya kuchezea: hori ya Mtwapa, hori ya Kilifi, hori ya Mida, na pwani ndefu iliyokingwa na miamba. Si ajabu basi familia ikiweka akiba, au ndugu wachache wakichangishana, ili wapate boti yao ya kwenda kuogelea, kutazama samaki kwa miwani na kuwavuta watoto juu ya boya la mpira. Boti mpya ni ghali, kwa hivyo wengi hutafuta iliyotumika. Hilo si kosa, kwani boti ya faiba iliyotunzwa vyema hudumu miaka mingi. Kosa ni kununua kwa macho. Rangi ni mpya, viti vimeshonwa upya, bei inavutia, na pesa zinatolewa pale pale ufuoni.

Gari bovu huzimika kando ya barabara, abiria wakashuka. Boti bovu huzimika mahali ambapo watoto hawawezi kushuka. Kwa sababu hiyo, pesa zisitoke mfukoni kabla boti haijakaguliwa nchi kavu na kujaribiwa majini.

Boti itafanya kazi gani?

Swali la kwanza si bei. Ni watu wangapi watapanda, na wataenda maji gani? Chukua familia ya watu wazima 4 wenye kilo 75 kila mmoja, na watoto 3 wenye kilo 35 kila mmoja. Hizo ni kilo 405. Petroli lita 50 ina uzito wa karibu kilo 37. Ongeza nanga, maji ya kunywa na chakula, kama kilo 40. Jumla inakaribia kilo 480 kabla ya kuhesabu injini. Boti nyingi za faiba zina kibao kidogo kinachoonyesha idadi ya watu, uzito na nguvu ya injini inayoruhusiwa. Kibao kikiwa kimeng'olewa, mnunuzi aulize kwa nini.

Boti pana yenye sakafu bapa hutulia ndani ya hori, lakini nje ya miamba hupiga mawimbi kwa kishindo. Boti yenye mkuku uliochongoka hukata mawimbi vizuri zaidi, ila huyumba ikisimama na hutumia mafuta mengi. Familia itakayobaki horini haina haja ya kulipia boti ya bahari kuu. Familia inayotaka kutoka nje nayo isijidanganye na boti ya horini, hasa wakati wa kusi, Juni hadi Agosti, bahari inapochafuka.

Bodi kwanza, injini baadaye

Wanunuzi wengi hukimbilia injini. Mafundi wenye uzoefu huanza na bodi, kwa kuwa injini inaweza kubadilishwa, lakini bodi iliyooza haina dawa ya bei nafuu.

Boti itolewe majini na ioshwe. Fundi aigonge kwa nyundo ndogo, hatua kwa hatua, kuanzia omo hadi tezi. Sauti kavu na kali ni dalili nzuri. Sauti nzito iliyofifia huonyesha kuwa matabaka ya faiba yameachana au mbao za ndani zimelowa. Akanyage sakafu yote. Ikibonyea kama godoro, ndani mna uozo.

Mahali pa kutazama mara mbili ni ubao wa tezi, pale injini inapofungwa. Mara nyingi ni mbao zilizofunikwa faiba, na maji huingia kupitia matundu ya bolti. Fundi aushike mguu wa injini na kuusukuma juu na chini. Tezi ikicheza au ikionyesha nyufa, boti hiyo haifai kuchukua watoto mpaka ijengwe upya sehemu hiyo. Povu la kuelea lililofichwa chini ya sakafu nalo likaguliwe, kwa sababu likinyonya maji huongeza uzito badala ya kuokoa.

Kwa boti za mbao, fundi achunguze kalafati, misumari iliyoshika kutu, na matundu ya wadudu wa baharini.

Injini isimdanganye mnunuzi

Mnunuzi afike kabla injini haijawashwa, aishike kwa mkono. Ikiwa tayari ina joto, huenda muuzaji anaficha ugumu wa kuiwasha ikiwa baridi. Ikishawaka, maji ya kupoza yatoke nje kwa mrija wenye nguvu. Mrija ukiwa dhaifu au ukikatika, pampu ya maji au njia zake zina tatizo, na injini itachemka.

Fundi afungue kidogo oili ya gia. Oili iliyogeuka nyeupe kama maziwa imeingia maji. Apime mgandamizo wa kila silinda. Vipimo vikipishana kwa zaidi ya asilimia 10 hivi, huenda matengenezo makubwa yanakuja. Mabomba ya petroli yaliyopasuka yasivumiliwe, kwa maana mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutuama chini, ndani ya ngama, ukingoja cheche.

Injini za zamani za kuchanganya petroli na oili ni nyepesi na mafundi wengi wanazijua. Zisizochanganywa hutumia mafuta kidogo na hazina kelele nyingi, lakini ni nzito na ukarabati wake ni ghali. Kwa vyovyote, inunuliwe injini ambayo vipuri vyake vinapatikana Mombasa au karibu.

Karatasi kabla ya pesa

Wizi wa injini za boti si jambo geni pwani. Namba iliyochongwa kwenye injini na namba ya boti zilinganishwe na hati za muuzaji. Namba iliyokwaruzwa ni sababu tosha ya kuondoka. Ukaguzi wa usalama wa boti ndogo na leseni zake ni kazi ya Mamlaka ya Masuala ya Bahari ya Kenya (KMA), si ya ofisi za kaunti. Mnunuzi athibitishe huko kabla ya kulipa. Wazee wa BMU katika bandari ya samaki boti inakotoka pia huijua historia yake: kama iliwahi kuzama, na ni nani alikuwa nayo. Kuuliza si ujinga.

Majaribio majini

Majaribio yasifanywe na muuzaji na mnunuzi peke yao asubuhi bahari ikiwa shwari. Wapande watu wazima wa uzito unaokaribia ule wa familia, na boti ijaribiwe pia alasiri, upepo ukiwapo. Maji yanapokupwa yakikutana na upepo kwenye mlango wa hori, mawimbi huinuka, na hapo tabia ya boti huonekana. Baada ya saa moja, ngama ifunguliwe kuona kama kuna maji.

Bei si mwisho wa gharama

Chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Familia iliyomaliza akiba yote kwenye boti haijawa tayari kuingia majini. Bado kuna jaketi la kuokoa maisha kwa kila mtu, na la mtoto liwe la saizi ya mtoto. Kuna nanga yenye kamba ndefu, angalau mara tano ya kina cha maji, makasia, kizima moto, filimbi, tochi, na simu ndani ya mfuko usioingia maji. Kamba ya kuzimia injini ifungwe mwilini mwa nahodha kila safari. Anapovutwa mtoto, wawe watu wazima wawili: mmoja kuendesha, mmoja kumtazama mtoto. Injini izimwe kabla mtu hajapanda kutoka majini, kwa sababu propela haichagui.

Mafuta yagawanywe mafungu matatu: ya kwenda, ya kurudi, na ya akiba. Wanaokwenda hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, zilizotangazwa mwaka 1968, wafuate masharti ya KWS. Na kabla ya kila safari, mtu wa nchi kavu aambiwe boti inakwenda wapi na itarudi saa ngapi. Ikichelewa, apige 999 au 112 bila kungoja kiza.

Boti nyingine itapatikana mwezi ujao, na muuzaji anayeharakisha mnunuzi amekwisha kumpa jibu. Tahadhari kabla ya athari.