Punda wa Usiku wa Sita

Hotuba iliyotolewa katika ukumbi wa hekalu, Dodoma, jioni ya maadhimisho



Tumeombwa tuseme machache juu ya huduma, ambayo wazee wetu waliiita seva. Wasemaji waliotutangulia wamekwisha kueleza habari za kisima, kambi ya macho na chakula cha watoto, nasi hatuna la kuongeza hapo. Tutasimulia jambo moja lisiloandikwa katika taarifa zetu za mwaka, wala halitupi sifa.

Ilikuwa usiku wa sita wa Navaratri, miaka mitatu iliyopita. Saa mbili tulikuwa njiani kuja hekaluni na jamaa zetu, nguo mpya zimepigwa pasi, sahani za prasad tumezipakata. Karibu na kona ya barabara iendayo stesheni, taa za gari zilimmulika punda amelala ukingoni mwa mtaro. Tulimwona. Tukaambiana kwamba bila shaka mwenyewe yu karibu, tukaendelea na safari. Baadaye tulipoulizana, ilibainika kwamba magari tisa ya waumini wetu yalipita pale kwa wakati ule, na ndani ya kila gari yalisemwa maneno yale yale.

Ngoma ya garba ilimalizika karibu saa saba usiku. Vijana waliokuwa wakirudi kwa miguu wakamkuta angali pale. Alikuwa amejikokota hatua kama kumi kutoka mahali alipogongwa, na damu ilikuwa imeichora njia yake. Tukaleta pikapu ya duka na turubai la kufunikia saruji. Watu wanane, pamoja na mlinzi wetu, wakamwinua wakamlaza uani mwa hekalu, chini ya mwarobaini. Waswahili husema fadhila za punda ni mateke. Huyu hakupiga teke hata moja, wala hakulia, nasi kwa ujinga wetu tukaona ukimya ule ni dalili njema.

Daktari wa mifugo alifika saa moja asubuhi, na kosa hilo ndilo la kwanza alilotusahihisha. Punda, alisema, huficha maumivu. Anayenyamaza, akainamisha kichwa na kukataa majani, huyo ndiye wa kuhofiwa. Tena punda asiyekula, mafuta ya mwili wake humiminika katika damu kwa wingi hata ini likashindwa kazi, akafa kwa hilo kabla jeraha halijamuua. Akasafisha kidonda, akachoma sindano ya kutuliza maumivu, kisha akapapasa mguu wa nyuma. Mfupa wa paja ulikuwa umevunjika, na ncha yake imetoboa ngozi. Mwanadamu aliyevunjika paja hulazwa kitandani wiki nyingi. Mnyama wa uzito ule hana budi kusimama, na mguu ule usingemsimamisha tena. Ushauri wa daktari ulikuwa mmoja tu: auawe kwa sindano, siku ile ile. Alikuwa na safari ya vijijini. Akasema tukikata shauri tumpigie simu, na kwamba dawa ya maumivu ingeisha nguvu ifikapo jioni.

Hapo ndipo tulipoanza kubishana. Majirani zetu huenda mkashangaa: watu wazima, wafanyabiashara, tunakaa kikao juu ya punda! Lakini fikirini hali yetu. Tumelelewa kwa neno ahimsa, yaani kutodhuru kiumbe chenye uhai, na lile lilikuwa ua la hekalu, tena katikati ya Navaratri. Mama yetu mzazi, ambaye nyumbani tunamwita Ba, alisema wazi kwamba hakuna mkono wa mtu wa nyumba yake utakaosaini kifo hicho. Akatukumbusha panjrapole za Gujarat, nyumba ambazo kwa karne nyingi wafanyabiashara Wajaini na Wahindu wamezigharimia kwa kukata kiasi kidogo katika kila biashara, ili ng'ombe mzee, farasi kilema na ndege aliyevunjika bawa wapate kuishi humo mpaka siku yao ya kufa iwafikie wenyewe. Nani alitupa sisi mamlaka ya kuiharakisha siku hiyo?

Mjumbe mmoja mzee akamjibu kwa habari za Gandhi. Mwaka 1928, katika ashram ya Sabarmati nje ya Ahmedabad, ndama mmoja alipata ulemavu akawa katika mateso makali, hata kugeuka ubavu hakuweza. Aliuguzwa kadiri ilivyowezekana, na mganga akasema hakuna tumaini. Gandhi akaliweka shauri mbele ya halmashauri na watu wote wa ashram, na jirani mmoja akapinga kwa nguvu. Hatimaye akaitwa daktari, akamchoma ndama sindano ya kifo, Gandhi mwenyewe akiwapo. Alipoandika habari hiyo katika gazeti lake la Kigujarati, Navajivan, alipata barua nyingi za hasira. Hoja yake ilikuwa kwamba kuua kwa hasira au kwa faida ni dhuluma, lakini kumwacha kiumbe ateseke bila tumaini, ili sisi tu tubaki na mikono safi, nako kwaweza kuwa dhuluma.

Hoja zote mbili zilikuwa nzito, na sisi tuliokaa pale tulizipima kama watu wenye nafasi. Chai ikaletwa mara tatu. Mchana akaja bwana mmoja asiyemjua mtu, akataka kumnunua yule punda hai kwa ajili ya ngozi. Ngozi ya punda huchemshwa ikatolewa gundi itumiwayo katika dawa za Kichina, na tamaa ya biashara hiyo imewamaliza punda wengi wa bara hili. Ndiyo sababu Serikali yetu iliusimamisha uchinjaji wao mwaka 2022, na Umoja wa Afrika ukakubaliana juu ya marufuku ya bara zima mwezi Februari 2024. Tulimfukuza bwana yule kwa pamoja, tukajiona tumefanya jambo kubwa. Kisha tukarudi kwenye kikao.

Jioni ikafika, nasi hatujakata shauri. Garba ya usiku wa saba ikachezwa upande wa pili wa ukuta. Dawa ilikuwa imekwisha nguvu. Mara tatu yule mnyama alijaribu kusimama, na mara tatu akaanguka juu ya mguu ule ule. Wale waliokuwa uani wanajua sauti iliyotoka. Hatutaieleza.

Mlinzi wetu aliporudi zamu alishangaa kumkuta punda bado yupo hai na bado yu katika hali ile. Akasema, "Mzee, huyu ni punda wa Bibi muuza maji, ng'ambo ya reli." Tukamwuliza kwa nini hakutuambia tangu jana. "Nilidhani mmekwisha kumwita mwenyewe." Katika saa zile zote tulikuwa tumetaja vitabu, wazee wa Gujarat na sheria za nchi, ila hapana aliyeuliza punda huyu ni wa nani. Tulikuwa tumejadili uhai wa mali ya mtu mwingine kama kwamba ulikuwa wetu.

Tukampigia daktari simu, akasema atafika alfajiri. Tukaenda kwa pikapu kumchukua Bibi. Kumbe alikuwa amemtafuta tangu kamba ilipokatika. Punda yule alikuwa akimbebea madumu manne ya maji kila safari, na mwenziwe manne mengine. Hayo ndiyo yaliyokuwa riziki ya nyumba yenye wajukuu. Alipomwona hakulia. Alikaa chini, akakipakata kichwa cha punda, akamlowesha midomo kwa kitambaa, akakesha hivyo hadi kulipokucha. Daktari alipomweleza, alijibu mara moja, "Mpumzishe." Kisha akatugeukia sisi wajumbe, akasema kwa upole, "Wanangu, Mungu awalipe kwa turubai na maji. Lakini mmemkawiza."

Kwa ushauri wa daktari mjukuu wake alikuwa amemleta punda wa pili, kwani punda waliozoeana huhangaika sana mmoja anapotoweka bila mwenziwe kumwona. Akaachwa karibu na maiti kama saa nzima, akainusa, akaigusa kwa pua, mwishowe akageuka akaanza kula majani. Tulichimba shimo refu, maana dawa ile hubaki katika nyama na mbwa akila hufa.

Dereva aliyemgonga hakujulikana. Halmashauri ilitaka kumpa Bibi bei ya punda mwingine. Aliikataa sadaka, akataka mkopo, nasi tukauandika katika daftari la duka. Alilipa kidogo kidogo kila wiki, kwa miezi kumi na minne. Diwali ilipofika na vitabu vipya kufunguliwa, tulitaka kulifuta salio. Ba akatukataza, akasema tusimnyang'anye mwanamke yule heshima yake. Ba huyo huyo, kuhusu sindano, hadi leo hakubali, wala hatumlazimishi.

Tangu wakati ule yapo mabadiliko machache ambayo huenda mmeyaona bila kujua asili yake. Birika la maji lililo nje ya lango ni la wanyama, na majirani msione haya kulitumia. Namba ya daktari wa mifugo imeandikwa ukutani, juu ya rafu za viatu. Halmashauri imeazimia kwamba mnyama akiokotwa, mwenyewe atafutwe kwanza, na kama hapatikani, wajumbe watatu pamoja na daktari wanatosha kukata shauri, bila kikao. Na usiku, ufunguo wa pikapu hukaa kwa mlinzi.