Mwananchi Kabla ya Mchoro: Maji, Takwimu na Sera ya Ubunifu Mikoani



Mwaka 1972 serikali yetu iliamua kupeleka madaraka mikoani. Hoja ya Mwalimu Nyerere ilikuwa nzito: mipango ya maendeleo isiendelee kupangwa Dar es Salaam na watu wasioijua Kigoma wala Mtwara. Lakini muundo wa kuitekeleza hoja hiyo haukuchorwa Kigoma wala Mtwara. Ulichorwa kwa msaada wa McKinsey, kampuni ya washauri ya Marekani. Ndani ya muundo huo, halmashauri za wilaya ambazo wananchi walikuwa wakizichagua zilivunjwa, na nafasi yake ikachukuliwa na maofisa wa serikali kuu. Ilibidi zisubiri sheria za mwaka 1982, na kuanza kazi upya mwaka 1984.

Sisemi haya kuwacheka waliotutangulia. Nayasema kwa sababu mtindo ule bado tunao. Kila taasisi inapotangaza kwamba wananchi watashirikishwa katika ubunifu wa teknolojia, mara nyingi mchoro huwa umekwisha kukamilika, na mwananchi huitwa aje autazame. Pengine hupewa na soda.

Baada ya madaraka mikoani ilikuja mipango ya maendeleo ya mikoa, na kila mkoa ukatafutiwa mfadhili. Tanga ilishikwa na Wajerumani, Kilimanjaro na Wajapani, Rukwa na Wanorwei. Mtwara na Lindi walifika Wafini, na visima vikafungwa pampu za mkono za Nira kutoka Ufini. Waholanzi waliochimba visima vifupi Shinyanga, na baadaye Morogoro, walikuwa na pampu za kwao. Fundi aliyeizoea pampu ya Masasi angefika Kilosa akaanza darasa la kwanza. Wahandisi wale walifanya kazi kwa uaminifu, na watu walikunywa maji. Ila swali walilopewa lilikuwa moja: pampu ipi ni imara? Kwa swali hilo kila nchi ina jibu lake, na kwa bahati jibu hilo hutengenezwa kwao.

Swali lilibadilika jirani tu na hapa, pwani ya kusini ya Kenya. Miaka ya 1980 Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa na Benki ya Dunia walikuwa wakijaribu pampu za mkono za aina nyingi katika nchi nyingi, na Kwale ikawa mojawapo ya sehemu za majaribio. Huko shirika la Kenya liitwalo KWAHO lilikuwa likifanya kazi na kamati za maji za vijiji, likiwafundisha wanawake kuzitunza pampu na kuzitengeneza. Mpaka wakati huo ilichukuliwa kwamba pampu ikiharibika, gari la idara litakuja na mafundi, na vifaa vya kunyanyulia bomba zima kutoka kisimani. Gari likikosa mafuta, au barabara ikikatika masika, kijiji kinarudi mtoni. Kwa hiyo ubora wa pampu ulipaswa kupimwa kwa kipimo kingine kabisa: ikiharibika leo asubuhi, je, wale walioshika ndoo wanaweza kuitengeneza kabla ya jioni?

Pampu iliyojibu swali hilo ilianzia Malawi, ikaboreshwa Kenya, na leo tunaiita Afridev. Naomba mniruhusu nieleze kidogo chuma chenyewe, maana siasa yote ya jambo hili imo humo ndani. Bomba la kupandishia maji ni la plastiki, na limeachwa wazi juu kiasi kwamba pistoni pamoja na vali ya chini huvutwa nje kupitia humohumo bila kuling'oa bomba. Spana moja hufungua karibu kila kitu. Beringi za mpini ni za plastiki, za bei ndogo, na zimekusudiwa kuchakaa. Zinabadilishwa kwa mkono badala ya kusubiri mshiko mzima uliwe. Michoro yake haikufungiwa na kampuni yoyote, ikaachwa iwe mali ya umma, ili kiwanda chochote kiweze kuitengeneza.

Wanawake wa Kwale hawakuichora pampu ile. Walioichora ni wahandisi, na nitakuwa mwongo nikisema vinginevyo. Walichofanya wanawake ni kuwa kipimo: kuwapo kwao kama mafundi, na si kama wachota maji tu, kuliwalazimisha wahandisi kutupa michoro ambayo ingehitaji wanaume sita na winchi. Hicho ndicho ninachokiita ubunifu wa pamoja. Hakidai kwamba kila mtu ashike penseli. Kinadai kwamba mtumiaji awe na uzito wa kutosha kumfanya mwenye penseli afute. Na hata hivyo Afridev nazo zimekufa kwa wingi katika vijiji ambavyo duka la karibu la vipuri liko mbali kuliko mto. Mchoro mzuri hauuzi beringi.

Sisi huku hatukuwa nyuma kimawazo. Paulo Freire alifika Dar es Salaam mwaka 1971 na kuzungumza juu ya mbinu za utafiti. Marja-Liisa Swantz, mwanaanthropolojia wa Kifini, alikuwa akiwapeleka wanafunzi wa chuo kikuu vijijini wakatafiti pamoja na wanakijiji, na nusu ya pili ya miaka ya 1970 mradi wa Jipemoyo ukaifanya kazi hiyo wilayani Bagamoyo. Budd Hall, aliyekuwa Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, alilieneza jina la utafiti shirikishi duniani kupitia jarida la Convergence mwaka 1975, kutokana na aliyoyaona hapa. Leo vijana wetu wanafundishwa mbinu hizi na wakufunzi wanaotua na ndege, kana kwamba ni bidhaa mpya. Ni sawa na kuuziwa karafuu Unguja.

Na bado, kampeni kubwa ya zama zile, Mtu ni Afya ya mwaka 1973, inatuonyesha mpaka wa mbinu hizi. Watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma kijitabu, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Sijui taifa jingine la Afrika lililojaribu kitu kikubwa hivyo kwa fedha kidogo hivyo. Lakini kijitabu kilikuwa kimeandikwa kabla kikundi hakijakaa. Kikundi kiliweza kujadili namna ya kutekeleza. Kusema kwamba tatizo letu la kwanza ni jingine, hilo halikuwa na ukurasa wake.

Turuke mpaka enzi ya simu. Mwaka 2009 shirika la Tanzania liitwalo Daraja lilianzisha Maji Matone. Wazo lilikuwa safi: mwananchi akikuta kituo cha maji kibovu atume ujumbe mfupi, taarifa imfikie mhandisi wa maji wa wilaya, na vyombo vya habari vifuatilie kama pametengenezwa. Wafadhili walilipenda. Katika awamu ya majaribio lengo lilikuwa kupokea jumbe 3,000. Zilikuja 53. Daraja walifanya jambo ambalo ni nadra katika nchi hii: mwaka 2011 walitangaza hadharani kwamba mradi umeshindwa, wakaeleza walivyoona sababu zake. Wachotaji ni wanawake na watoto, ilhali simu mara nyingi iko mfukoni mwa mwanamume. Mtandao ulikuwa dhaifu. Wapo walioogopa kuonekana wachongezi mbele ya viongozi wao. Na wengi hawakuamini kwamba kuna mtu angekuja.

Ninawapa wanafunzi wangu kisa hiki kila mwaka, na kila mwaka kuna anayependekeza programu bora ya simu. Angalieni sababu zile tena. Mtandao unatatuliwa na mnara. Nyingine zote zingefahamika katika nusu saa ya mazungumzo na mama yeyote aliyekaa foleni ya maji, kama angeulizwa kabla na si baada. Angewaambia: simu si yangu, na mwenyekiti ni shemeji yangu.

Upande wa takwimu za afya tuna mfano wenye sura nyingine, na nasaba yake inashangaza. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Kristen Nygaard, mmoja wa wale wawili waliobuni lugha ya kompyuta ya Simula huko Oslo, alikwenda kufanya kazi na chama cha wafanyakazi wa chuma cha Norwei. Kompyuta zilikuwa zinaingia viwandani, na wafanyakazi walitaka kuzielewa wao wenyewe badala ya kusimuliwa na mwajiri. Matokeo yake yalikuwa mikataba iliyowapa wafanyakazi haki ya kuhusishwa kabla mfumo haujaingizwa. Tazama: chama cha wafanyakazi, mkataba, haki. Hakikuwa kisanduku cha maoni.

Wanafunzi wa mkondo huo walianza kazi Afrika Kusini mwaka 1994, ubaguzi ulipokoma, wakishirikiana na wahudumu wa afya kuunda mfumo wa takwimu. Mfumo huo ndio mzazi wa DHIS2, unaotumika leo katika nchi nyingi, Tanzania na Kenya zikiwamo. Zanzibar iliupokea ule mfumo mzazi mwaka 2005, na jambo la maana lililotokea huko halikuwa la kompyuta. Kila robo mwaka watu wa wilaya walikutana, kila wilaya ikasimama kuwasilisha takwimu zake, na wenzao wakawauliza maswali makali. Mnawezaje kuwachanja watoto wengi kuliko waliopo? Kwa nini namba hii inaandikwa mara tatu katika fomu tatu? Kutokana na vikao hivyo fomu zenyewe zilibadilishwa. Yeyote aliyewahi kumwona muuguzi wa zahanati amekaa na vitabu vya MTUHA, yaani vya taarifa za huduma za afya, saa kumi jioni, wagonjwa wakiwa wamekwisha ondoka, anajua kufuta safu moja ya fomu ni ubunifu mkubwa kuliko kununua kompyuta kibao mia moja.

Najua pingamizi. Mhandisi ataniuliza: je, tupige kura juu ya kina cha maji chini ya ardhi? Hapana. Mwananchi wa miteremko ya Meru haioni floridi wala haionji, ingawa meno ya watoto wake yanaionyesha. Hapo maabara ndiyo inayojua. Lakini fuatilieni jambo lenyewe mpaka mwisho. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kilifanya kazi ya kuondoa floridi kwa mkaa wa mifupa, na mkaa huo unafanya kazi, kemia haina ubishi. Kisha mtu anauliza swali dogo: mifupa ya mnyama gani? Kwa Mwislamu, kwa Mhindu, kwa yeyote mwenye mwiko wake, jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama maji yatanyweka. Hakuna kipimo cha maabara kitakacholijibu, na likiulizwa baada ya mitambo kufungwa, limechelewa.

Sasa sera. Tangu mwaka 2019 tuna MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, na nimefurahi kuona mafundi wa mitaani wakipanda jukwaa moja na wanafunzi wa vyuo. Lakini mashindano humpa zawadi aliyeleta jibu. Kijiji kilicholiweka tatizo lake vizuri, kikakataa mashine isiyowafaa, hakina medali.

Njia nyingine ni sharti. Umoja wa Ulaya, katika kipindi cha bajeti cha 2014 hadi 2020, uliweka sharti kwamba mkoa unaotaka fedha zake za utafiti na ubunifu uwe kwanza na mkakati uliojadiliwa na wadau wake. Wakosoaji wamelalamika kwamba wadau waliofika walikuwa zaidi vyuo na kampuni kuliko wananchi. Sawa. Ila sharti liliwekwa kwenye mfuko wa fedha, na hapo ndipo masharti hutiiwa.

Sisi tunajua kufanya hivyo. Sheria yetu inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya vikundi: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Utekelezaji wake umekuwa na misukosuko, mpaka mwaka 2023 mikopo ikasimamishwa kwa muda ili utaratibu upangwe upya, lakini hakuna tena diwani anayeuliza kama makundi hayo yanastahili fungu. Ibara ya 146 ya Katiba nayo inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Mkutano mkuu wa kijiji, ambamo kila mtu mzima ni mjumbe, upo kisheria. Hatuhitaji chombo kipya.

Ninachopendekeza ni kifungu kimoja katika kanuni za ununuzi wa umma. Zabuni ya teknolojia ya huduma ya jamii, iwe pampu, mita ya maji au mfumo wa taarifa, isiweze kutangazwa kwenye NeST, mfumo wetu wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, mpaka iambatanishwe na kumbukumbu za mkutano mkuu wa kijiji au mtaa zinazoonyesha mambo gani wananchi waliyabadili katika maelezo ya mahitaji. Pasipobadilika kitu, sababu iandikwe. Najua zitaandikwa kumbukumbu za uongo. Tuna kipaji hicho. Kwa hiyo zisomwe kwa sauti katika mkutano unaofuata, mbele ya walewale wanaodaiwa kusema, na pawepo na kikao cha wanawake peke yao kabla ya mkutano mkuu, kwa sababu shemeji mwenyekiti hajaondoka.

Hili litamlazimu mhandisi kwenda kijijini mara mbili: mara ya kwanza bila mchoro, mara ya pili akiwa nao. Mafuta ya safari ya kwanza yawe na fungu lake ndani ya bajeti ya mradi, na wanakijiji wanaoacha shamba siku hiyo walipwe posho kama wanavyolipwa maofisa wanaoacha meza zao kuhudhuria semina. Kiasi chake tutabishana. Kikiwa kidogo kuliko cha maofisa, aliyekipanga aende mwenyewe akakieleze mkutanoni.